Kivuli Kinapogusa Jina: Saa ya Jua na Kumbukumbu za Umma

Katika mji wa Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky nchini Marekani, upo uwanja uliosakafiwa kwa mawe ya itale na kuchongwa majina ya watu zaidi ya 1,100. Hao ni wenyeji wa jimbo hilo waliopotea katika vita vya Vietnam. Uwanjani umesimamishwa mlingoti wa chuma kisichoshika kutu, wenye urefu unaozidi mita 4, nao haukuwekwa kwa ajili ya bendera wala taa. Kazi yake ni kutupa kivuli. Majina yamechongwa mahali palipopigiwa hesabu, hata ikifika tarehe aliyofariki mwenye jina, ncha ya kivuli hupita juu ya jina lake. Aliyekufa Januari huguswa Januari, na aliyekufa Agosti huguswa Agosti. Msanifu wa kazi hiyo alikuwa Helm Roberts, na uwanja ulizinduliwa mwaka 1988.

Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi chombo cha aina hiyo kinavyofanya kazi, na jinsi jamii mbalimbali zilivyokitumia kuwakumbuka watu na matukio. Huenda msikilizaji akauliza jambo hilo lina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Uhusiano upo, tena wa karibu. Mswahili anapotaja saa moja ya asubuhi huhesabu tangu jua lilipochomoza, na msamiati wake wa nyakati za mchana kwa sehemu kubwa ni msamiati wa jua na kivuli. Saa ya jua ni chombo kinachosema lugha ambayo Kiswahili hakijaiacha, ilhali lugha nyingi za Ulaya zimekwisha kuisahau.

Kijiti, ukingo na ncha

Saa ya jua kwa asili yake ni kijiti na ardhi. Anayesimika kijiti wima mahali palipo wazi ataona asubuhi kivuli kirefu kikielekea magharibi, kikifupika kadiri jua linavyopanda, kisha kikigeukia mashariki na kurefuka tena hadi jua linapotua. Kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo ndicho alama ya adhuhuri, nacho hulala sawasawa katika mstari wa kaskazini na kusini. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa, na mzunguko huo ndio unaoonekana kwa macho kama mwendo wa jua.

Kijiti cha wima, hata hivyo, kina kasoro. Mistari ya saa iliyochorwa kwa kukifuata mwezi wa Januari haitakuwa sahihi mwezi wa Juni, kwa sababu jua halipiti njia ileile mwaka mzima: mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini zaidi, na Desemba upande wa kusini zaidi. Dawa yake ni kukiinamisha kijiti kiwe sambamba na mhimili wa dunia. Kwa nchi zilizo kaskazini ya ikweta, hiyo ni kukielekeza karibu na Nyota ya Kaskazini, na pembe iliyopo kati ya kijiti na ardhi hulingana na latitudo ya mahali. Kikishawekwa hivyo, kivuli chake huangukia mstari uleule katika saa ileile, iwe masika iwe kiangazi.

Kwa sababu hiyo saa ya jua ni chombo cha mahali pake. Iliyotengenezwa kwa ajili ya London, ambako latitudo inazidi nyuzi 51, ikiletwa Mombasa penye nyuzi 4 tu za kusini haitafaa kitu ila kupamba bustani. Penye ikweta yenyewe kijiti hakisimami kabisa. Hulazwa sambamba na ubao na kuinuliwa juu yake kidogo. Kikiinuliwa sentimeta 10, mstari wa saa ya kwanza kabla au baada ya adhuhuri huwa umbali wa sentimeta 2.7 kutoka mstari wa kati, wa pili sentimeta 5.8, wa tatu sentimeta 10, wa nne sentimeta 17.3, na wa tano sentimeta 37.3. Mstari wa saa ya sita haupo, maana wakati huo jua lipo kwenye upeo wa macho na kivuli hakina mwisho.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Ukingo wa kivuli cha kijiti kilichoinamishwa husoma saa. Ncha ya kivuli husoma tarehe. Kila siku ncha huchora mstari wake ardhini kutoka magharibi kwenda mashariki. Katika siku mbili za mwaka ambazo usiku na mchana hulingana, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, mstari huo huwa umenyooka. Siku nyingine hupinda, na kadiri jua linavyokaribia mwisho wa safari yake ya kaskazini au ya kusini ndivyo upindaji unavyozidi. Uwanja wa Frankfort umejengwa juu ya elimu hii ya ncha. Ndiyo maana ni kalenda zaidi kuliko saa.

Ipo pia shida ambayo kila mjenzi wa chombo kikubwa hukutana nayo. Jua si nukta. Kwa mtazamaji lina upana wa nusu ya nyuzi hivi. Kwa hiyo kivuli hakikatiki ghafla, bali hufifia, na eneo la kufifia hutanuka karibu sentimeta moja kwa kila mita moja ya umbali kutoka kwenye kitu kinachotupa kivuli. Kijiti cha mezani hakisumbuliwi na jambo hilo. Nguzo ya mita 20 husumbuliwa sana.

Nguzo ya Augustus na jiwe la Dameski

Wazo la kulifanya jua litangaze habari za utawala ni la zamani. Mwaka 10 kabla ya Kristo, mtawala Augustus alisimamisha mjini Roma nguzo ya jiwe moja yenye urefu wa mita 22 hivi, iliyochukuliwa kutoka Heliopolis nchini Misri, ambako iliwahi kusimamishwa na farao Psammetichus wa Pili. Maandishi yaliyochongwa kwenye kitako chake yanaiweka wakfu kwa Jua na kutaja kwamba Misri imetiwa chini ya mamlaka ya watu wa Roma. Chini yake ulilazwa mstari wa shaba wa kaskazini na kusini, ili urefu wa kivuli cha adhuhuri uonyeshe siku ya mwaka. Sehemu ya mstari huo ilifukuliwa na Edmund Buchner miaka ya 1979 na 1980, pamoja na maandishi yake ya Kiyunani. Wataalamu wamebishana sana iwapo palikuwa na saa kamili ya jua au mstari wa adhuhuri peke yake. Kilichokwisha kuonekana ardhini ni mstari wa adhuhuri.

Mwandishi Plinius, aliyefariki mwaka 79, ameeleza kwamba juu ya ncha ya nguzo iliwekwa tufe lililopakwa dhahabu. Sababu yake inafahamika kwa yaliyosemwa hapo juu: ncha nyembamba humezwa na kivuli hafifu kabla haijafika ardhini, lakini tufe huacha doa linaloonekana. Plinius huyohuyo anasema kwamba kwa muda wa miaka 30 hivi kivuli kilikuwa hakilingani tena na alama. Alitaja mambo yanayoweza kuwa chanzo: labda jua limebadili mwendo, labda dunia imesogea, labda ni matetemeko ya mji, au mafuriko ya mto Tiber yamedidimiza msingi. Msomaji wa leo ataelekea kwenye sababu mbili za mwisho. Nguzo ya ushindi ilikuwa imezama kidogo katika udongo wa mto, na jua halikukubali kusema uongo kwa ajili yake. Tangu mwaka 1792 nguzo hiyo imesimama mahali pengine palepale Roma, katika uwanja wa Montecitorio.

Kazi ya pili inayostahili kutajwa haikukusudiwa kuwa kumbukumbu ya vita wala ya mfalme. Katika Msikiti wa Umayya mjini Dameski, Ibn al-Shatir, aliyekuwa mwangalizi wa nyakati za sala, alitengeneza saa ya jua ya marumaru mwaka 773 wa Hijra, sawa na mwaka 1371 au 1372. Urefu wake ulikuwa karibu mita 2 na upana mita 1. Ni miongoni mwa saa za kale kabisa zinazojulikana kuwa na kijiti kilicho sambamba na mhimili wa dunia. Juu ya marumaru ile yalichorwa mambo mengi kwa pamoja, na kwa Mswahili la kuvutia zaidi ni hili: palikuwa na mistari ya saa zilizokwisha kupita tangu jua kuchomoza, na mistari ya saa zilizobaki kabla jua halijatua. Mtu aliyefika msikitini aliweza kusoma pale jambo ambalo mkazi wa Lamu au Kilwa hulitaja kwa mdomo kila siku. Jiwe la asili lilivunjika katika karne ya 19, likawekwa jingine lililonakiliwa kwalo.

Saa za Waswahili

Hesabu ya saa kutoka mawio haipatani na kila nchi. Frankfort, penye latitudo ya nyuzi 38 za kaskazini, mchana wa Juni huuzidi mchana wa Desemba kwa zaidi ya saa tano. Anayehesabu tangu jua lichomoze atakuwa na saa ya kwanza inayorukaruka kama panzi. Unguja, penye nyuzi 6 na dakika 10 za kusini, tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa ni dakika 43 hivi tu. Hapo ndipo ilipo hekima ya saa ya Kiswahili: saa moja ni saa moja tangu jua lichomoze, na saa sita ni jua la utosi, karibu bila kukosea, mwaka mzima. Wageni wengi wameichukulia hesabu hiyo kuwa kioja cha lugha, kana kwamba Waswahili wamegeuza uso wa saa juu chini. Ukweli ni kwamba mishale ya saa ya mkononi ndiyo iliyokuja baadaye, ikakuta hesabu imekwisha kukaa mahali pake.

Kabla ya saa hizo zenye nambari, na hata pamoja nazo, siku iligawanywa kwa maneno. Lilikuwapo jogoo la kwanza na la pili, alfajiri, macheo, mafungulia ng'ombe jua linapokwisha kupanda, jua la utosi, jua kupinduka, alasiri, kisha magharibi. Baadhi ya maneno haya ni ya Kibantu, mengine yametoka katika Kiarabu, na yote yanakaa pamoja bila ugomvi. Katika orodha hiyo, alasiri ndiyo inayohitaji kipimo, kwa kuwa haina alama mbinguni kama kuchomoza au kutua. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu hicho, ukiongeza kile kivuli kidogo kilichokuwapo adhuhuri. Katika nchi nyingi za Kiislamu watu walipima kwa nyayo zao wenyewe, maana mtu kwa wastani ana urefu wa nyayo zake saba hivi, au sita na nusu. Kila mtu mzima, kwa hali hiyo, alitembea na saa yake.

Kile kivuli kidogo cha adhuhuri pwani kina tabia ambayo haionekani London wala Frankfort. Mwezi wa Juni hulala upande wa kusini, na Desemba upande wa kaskazini. Kati yake hupotea. Katika mji wa Unguja hutoweka mara mbili kwa mwaka, tarehe 4 au 5 Machi na tarehe 8 au 9 Oktoba, jua linapokuwa utosini hasa. Siku hizo hakuna cha kuongeza katika hesabu ya alasiri: kivuli kikilingana na mtu, alasiri imeingia, na wakati huo ni saa tatu kamili, au dakika moja zaidi, tangu jua lipinduke. Yaani ni saa tisa.

Saa tisa hiyo ni ya jua, si ya redio. Saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo haipiti Kenya wala Tanzania bali iko mashariki zaidi. Unguja iko nyuzi 39 na dakika 12, na kwa hiyo jua huchelewa kufika pale kwa dakika 23. Zaidi ya hayo, mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja, na mhimili wake umeinama. Mambo hayo mawili hulifanya jua litangulie au lichelewe kwa hadi robo saa kulingana na msimu. Hivyo adhuhuri ya kweli Unguja hutokea saa sita na dakika 7 mwanzoni mwa Novemba, lakini saa sita na dakika 37 katikati ya Februari. Saa ya mashine na saa ya jua ni ndugu wawili wanaokaa nyumba moja bila kuamka pamoja.

Majina yanayogawana ardhi

Turufu ya uwanja wa Frankfort ni kwamba haumhitaji mtu wa kusoma orodha. Katika kumbukumbu nyingi majina yote yapo mbele ya mgeni kwa wakati mmoja, na wingi wao ndio unaomshitua. Hapa jina moja hutengwa na mengine kwa dakika chache, katika siku yake, hata kama hakuna aliyekuja. Jamii zinazofanya arubaini na kusoma hitima ya mwaka zinaelewa bila kufafanuliwa kwa nini siku ina uzito kuliko jiwe.

Hata hivyo hesabu ina ukali wake. Kwa latitudo ya Frankfort, mlingoti wa mita 4 hutupa adhuhuri kivuli cha mita moja na kidogo mwishoni mwa Juni, na cha zaidi ya mita 7 mwishoni mwa Desemba. Wafu wa kiangazi cha huko wako karibu na mlingoti, na wa baridi wako mbali. Wala siku hazipewi nafasi sawa. Mwezi wa Machi ncha ya kivuli husogea karibu sentimeta 4.5 kwa siku. Kuanzia tarehe 11 hadi 21 Juni, siku kumi nzima, husogea chini ya sentimeta 3, nacho kile kivuli hafifu peke yake kina upana wa karibu sentimeta 4. Kwa maneno mengine, siku za mwisho wa Juni zimelaliana. Mbunifu hana budi kuyatawanya majina kwa kufuata saa, moja liguswe asubuhi na jingine alasiri, juu ya mistari ambayo jicho haliwezi kuitenganisha.

Ukali wa pili ni mkubwa zaidi. Jua hupita kila mahali mara mbili kwa mwaka, mara moja likienda kaskazini na mara moja likirudi kusini. Isipokuwa zile siku mbili za mwisho wa safari, kila mstari wa ncha ni wa tarehe mbili. Aliyekufa mwezi wa Agosti huguswa Agosti, kisha kivuli hicho hicho kitakuwa kimempitia pia mapema mwezi wa Mei, siku ambayo kwake haina maana yoyote. Aidha kivuli hakijui mwaka: aliyekufa mwaka 1966 na aliyekufa mwaka 1969, tarehe ikiwa moja, ni wa mstari mmoja. Yanayobaki lazima yaelezwe kwa maandishi au kwa mdomo.

Yapo pia majina ambayo kivuli hakiyagusi kamwe. Hayo ni ya askari waliotoweka, ambao tarehe ya kufa kwao haikuthibitishwa. Yamewekwa nyuma ya mlingoti, upande ambao kivuli hakiufikii. Pengine hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote katika kazi nzima, na haikuhitaji pambo lolote. Imetokana na chombo chenyewe. Asiye na tarehe hana mahali juu ya saa ya jua.

Serikali ilipoisogeza saa

Mfano wa Melbourne, nchini Australia, unaonyesha yanayotokea kumbukumbu inapofungamanishwa na saa ya mashine. Jengo la kumbukumbu ya vita la mji huo, lililosanifiwa na Phillip Hudson na James Wardrop, lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 1934. Ndani yake mna jiwe lililolazwa chini ya usawa wa sakafu, nalo limechongwa maneno ya Maandiko. Tundu la paa lilipangwa ili saa tano asubuhi ya tarehe 11 Novemba, saa na siku ambayo mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yalikoma mwaka 1918, mwali wa jua upite juu ya neno lenye maana ya upendo. Ni saa ya jua iliyopinduliwa: badala ya kivuli katikati ya mwanga, ni mwanga katikati ya kivuli.

Mwaka 1971 jimbo la Victoria lilianzisha desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, na Novemba imo katika kipindi hicho. Jua halikupokea amri hiyo. Mwali ukawa unafika saa sita, umati ukiwa umekwisha kunyamaza saa tano na kutawanyika. Ikabidi vioo viwekwe ili kuuvuta mwanga upite juu ya jiwe kwa saa ya serikali. Kuna watakaoona ni udanganyifu. Lakini saa tano ya mwaka 1918 ilikuwa yenyewe ni saa ya makubaliano, iliyoandikwa mezani nchini Ufaransa, tena Melbourne wakati ule ilikuwa usiku. Jengo lilikumbuka nambari ya saa, na nambari ikihamishwa, vioo ni jibu la haki. Frankfort haina haja ya vioo, kwa kuwa pale kilichowekwa juu ya mawe ni siku.

Mfano wa Nairobi

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki, hesabu hizi zinaweza kupimwa kwa tukio lililo karibu. Tarehe 7 Agosti 1998, baina ya saa nne na nusu na saa tano kasorobo asubuhi, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Mahali palipokuwa na ubalozi wa Nairobi pamefanywa bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2001, na ndani yake upo ukuta wenye majina ya waliokufa. Ichukuliwe, kwa ajili ya kufafanua tu, kwamba mtu angetaka kuongeza pale mlingoti na kivuli.

Kwanza, umbo la Frankfort halingemfaa. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini ya ikweta. Mlingoti wa mita 1 hutupa adhuhuri ya mwisho wa Juni kivuli cha sentimeta 46 kuelekea kusini, na adhuhuri ya mwisho wa Desemba kivuli cha sentimeta 41 kuelekea kaskazini. Tarehe zote za mwaka zingegawanyika pande mbili za mlingoti, na upande usioguswa na kivuli, ambao kule Marekani wamewekwa waliotoweka, Nairobi haupo nyuma ya mlingoti. Ungetafutwa mbali zaidi, kaskazini au kusini, nje ya mistari ya Juni na Desemba.

Pili, Frankfort kila mtu ana tarehe yake, lakini hapa wengi mno wana tarehe moja na dakika moja. Hakuna haja ya mamia ya alama, inatosha moja. Ikichukuliwa saa nne na dakika 35 ya saa rasmi, jua la Nairobi siku hiyo huwa bado halijatimiza saa nne kwa hesabu ya mawio, kwa kuwa liko nyuma ya saa rasmi kwa dakika 38. Limepanda nyuzi 55 hivi upande wa kaskazini mashariki. Mlingoti wa mita 1 hutupa kivuli cha sentimeta 70, kikielekea kusini magharibi na kuegemea zaidi magharibi. Hapo ndipo ambapo jiwe lingewekwa, na majina yote yangekuwa juu ya jiwe hilo moja.

Kila tarehe 7 Agosti, kama mawingu ya msimu huo yakiruhusu, kivuli kingefika pale kwa wakati. Kingefika vilevile tarehe 5 au 6 Mei, saa nne na dakika 26, dakika tisa mapema kwa saa ya mkononi lakini ileile kwa saa ya jua. Ncha ingepita juu ya jiwe lilelile na majina yaleyale, na mpita njia ambaye hakuelezwa angevua kofia yake akidhani ndiyo siku yenyewe.